Amani Mikononi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utulivu na Kazi za Ubunifu

Maswali haya nimeyasikia kwa watu ninaochora na kuandika nao. Mengine ni yangu mwenyewe, ya miaka niliyokuwa nikikaa mbele ya karatasi moyo ukinienda mbio. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Unaposema amani, unamaanisha nini hasa?

Kiswahili kimetupa maneno kadhaa, na inafaa tuyatenganishe. Kimya ni kukosekana kwa sauti. Utulivu ni hali ya mwili na akili visivyo na papara. Shwari ni neno la bahari: upepo umepungua, maji yamelala, lakini bahari ni ileile na kina chake ni kilekile. Amani imebeba jambo moja zaidi, nalo ni usalama. Mwenye amani ni mtu asiyetishwa.

Basi kwa mtu anayebuni, amani ninayoizungumzia ni kutotishwa na kazi yako mwenyewe. Unaharibu karatasi na hujichukii. Unaandika sentensi mbovu asubuhi, unairudia jioni, na katikati ya hapo umeishi siku yako kama kawaida. Na ninaposema kubuni simaanishi wasanii wenye majina tu. Anayeshona, anayeandika shajara, anayepanga maua, anayepiga picha kwa simu akiwa njiani, anayetunga wimbo huku anafua, wote wamo.

Lazima nitulie kwanza ndipo nianze?

Hapana. Imani hiyo ilinipotezea miaka mingi. Nilikuwa nangoja nyumba inyamaze, moyo upoe, deni liishe, ndipo nishike kalamu. Siku hiyo haikuja. Nilichokuja kukigundua ni kwamba amani haitangulii kazi. Huzaliwa humo kazini, mara nyingi mkono ukiwa umeshazoea mwendo wake kwa robo saa hivi.

Iko sababu. Miaka ya 1970 Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia Mmarekani mwenye asili ya Hungaria, alichunguza watu walioipenda shughuli yao kwa ajili ya shughuli yenyewe: wapanda miamba, wacheza sataranji, madaktari wa upasuaji, wacheza dansi, watunzi wa muziki. Walimweleza hali inayofanana: kuzama hadi kusahau saa, na kujisahau wenyewe. Hali hiyo ilikuja pale lengo lilipokuwa wazi, pale kazi ilipowaonyesha papo hapo kama wanakosea au wanapatia, na pale ugumu ulipolingana na uwezo wao. Kazi ikikuzidi sana, unaingiwa na wasiwasi. Ikiwa nyepesi mno, akili inatoroka na kurudi kwenye hofu zake.

Kwa hiyo siku ambayo moyo unakwenda mbio, usichague kazi kubwa. Chagua ndogo yenye mipaka: chora kikombe kilicho mbele yako kwa mstari mmoja bila kuinua penseli. Andika mishororo minne kuhusu dirisha, na iwe na mizani sawa. Akili inayohesabu mizani haina nafasi ya kuhesabu madeni kwa wakati uleule. Nimelijaribu hili mara nyingi kiasi kwamba sasa nikiamka na wasiwasi, naifuata penseli kabla ya kitu kingine.

Pumzi zina msaada wowote?

Zina msaada, na ni jambo la mwili tu. Ukivuta pumzi, mapigo ya moyo huongezeka kidogo, ukiitoa, hupungua. Ukiitoa polepole kuliko ulivyoivuta, unauambia moyo ushuke. Pumzi sita hivi kwa dakika zinatosha, kwa dakika mbili au tatu. Anayechora anaweza kutoa pumzi huku anavuta mstari mrefu. Utaona mstari wenyewe unanyooka.

Nikikaa kimya ndipo mawazo mabaya yananivamia. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, kana kwamba ni aibu. Si aibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na ingawa walikuwa na maana yao, msemo huu unaikaa vizuri hali ya mtu aliyezima redio usiku akabaki na nafsi yake.

Kwanza, tujue kwamba kimya kamili hakipo. Mwaka 1951 mtunzi Mmarekani John Cage aliingia katika chumba cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichojengwa kunyonya sauti zote. Alitarajia kutosikia kitu, akatoka akisema amesikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito, zote za mwili wake mwenyewe. Mwaka uliofuata akatunga kazi ya dakika 4 na sekunde 33 ambayo mpiga piano anakaa mbele ya piano bila kupiga noti hata moja. Usiku wa kwanza ilipochezwa, waliokuwa tayari kusikiliza walisikia upepo nje, kisha mvua juu ya paa, kisha manung'uniko ya wenzao. Nikilikumbuka jambo hili, huacha kupigana na kelele za ndani. Nakaa nazo kama yule aliyeisikia mvua.

Pili, zipe karatasi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambao umerudiwa kwa namna nyingi tangu hapo. Waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo. Walioandika tukio zito la maisha yao, pamoja na walivyojisikia, walikwenda kwa daktari mara chache zaidi miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia utafiti huu huliacha: mara tu baada ya kuandika, watu hao walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilikuja baadaye. Nakuambia hili ili siku utakapoandika jambo zito na kuinuka mezani ukiwa mzito kuliko ulivyokaa, usidhani umekosea. Jipe muda. Tembea kidogo. Usifungue simu mara hiyo hiyo.

Na kama tukio ni la jana tu, bado linavuja damu, huna haja ya kuliandika leo. Chora kitu kingine. Kidonda kibichi hakichokonolewi.

Nina hasira na majonzi. Kazi yangu inaweza kuwa ya amani kweli?

Inaweza, na pengine ndiyo itakayokuwa ya amani kuliko ya yule asiyejua dhoruba.

Mwaka 1908 mchoraji Mfaransa Henri Matisse aliandika kwamba ndoto yake ni sanaa iliyo na uwiano, safi, tulivu, itakayompumzisha aliyechoka kama kiti kizuri. Wapo waliomdharau kwa hilo, wakamwona mchoraji wa starehe. Sasa tazama maisha yake. Mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo kwa ugonjwa wa saratani, na tangu hapo siku zake nyingi zilikuwa za kitandani na kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1944, Ufaransa ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, polisi wa siri walimkamata mkewe ambaye walikuwa wametengana, na pia Marguerite, binti wa Matisse, ambaye aliteswa. Ni katika miaka hiyohiyo, asipoweza tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai, alishika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye akakata majani, ndege, mwani, miili inayoruka. Rangi zile zinacheka. Hazikutoka kwa mtu asiyejua uchungu.

Mwaka mama yangu alipougua, sikuweza kuandika hata barua. Nilichoweza ni kuchora mikono yake akiwa amelala. Nilichora mara thelathini na kitu, na mingi ya michoro hiyo ni mibovu: vidole vimezidi urefu, viganja vimepinda. Sikuwa naitafuta amani. Nilikuwa natafuta jambo la kufanya ili nisitoke chumbani. Lakini kumtazama mtu kwa makini hivyo, mfupa baada ya mfupa, kulinifanya nikae naye kwa namna ambayo hofu peke yake isingeniruhusu. Leo nikiiona ile michoro sikumbuki hofu kwanza. Nakumbuka mikono.

Hasira nayo ina mahali pake. Ipe karatasi ya kwanza, ile ambayo hutamwonyesha mtu. Bonyeza penseli mpaka ivunjike ukitaka. Karatasi ya pili ndiyo utakayoanza kuisikiliza.

Nawezaje kuonyesha amani bila kuchora njiwa na tawi la mzeituni?

Njiwa hana kosa lolote. Lithografia, yaani picha ya kuchapwa, ya njiwa iliyoenea duniani kote ni ya Pablo Picasso, ya Januari 1949, nayo iliwekwa kwenye bango la mkutano wa amani uliofanyika Paris Aprili mwaka huo. Inasimuliwa kwamba ndege mwenyewe alikuwa zawadi kutoka kwa Matisse. Binti wa Picasso alizaliwa mkutano ule ulipokuwa ukianza, wakamwita Paloma, yaani njiwa kwa Kihispania. Kumbuka pia kwamba miaka 12 kabla ya hapo mkono huohuo ulikuwa umechora Guernica, picha kuhusu mji wa Hispania uliopigwa mabomu: farasi akipiga kelele na mama akiwa na maiti ya mtoto. Njiwa yule alikuwa na uzito kwa sababu ya kilichomtangulia. Tatizo ni njiwa anayechorwa kwa sababu ndiye wa kwanza kuja kichwani.

Alama ya pili inayojulikana kote, ile duara yenye mistari ndani, ilichorwa na Gerald Holtom nchini Uingereza mwaka 1958 kwa ajili ya maandamano ya kupinga silaha za nyuklia. Mistari yake ni ishara za bendera za mabaharia kwa herufi N na D, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa silaha za nyuklia. Lakini Holtom alieleza baadaye kwamba alikuwa amekata tamaa kabisa alipoanza, na alijichora yeye mwenyewe, mikono imetanuliwa chini na viganja wazi. Alama ya amani ya dunia nzima ilianza kama mchoro wa mtu aliyeishiwa nguvu. Sijui mfano bora wa kumwonyesha mtu anayedhani kwamba ili aseme jambo la amani lazima kwanza awe na furaha.

Kwa hiyo tafuta amani unayoijua wewe. Iko wapi hasa? Je, ni sauti ya mtu anayepumua chumba cha pili? Ni viatu viwili mlangoni, maana yake kila mtu amerudi? Mwandishi akisema "kulikuwa na amani" hajanipa kitu. Akiniandikia viatu mlangoni, naingia ndani.

Kisha kuna ufundi. Katika picha, mistari iliyolala hutuliza na mistari ya mshazari hutikisa. Rangi zinazokaribiana hazigombani. Nafasi tupu ni sehemu ya picha, usikimbilie kuijaza. Katika muziki, moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika; mdundo ulio karibu na kiwango cha chini, au chini yake, mwili huupokea kama mapumziko. Na pumziko kati ya noti lihesabiwe kama noti. Katika shairi, kibwagizo kinachorudi kinampa msomaji mahali pa kukanyaga, na vokali ndefu zinachelewesha ulimi. Soma kwa sauti beti zako. Ukikosa pumzi kabla ya kituo, msomaji naye atakosa.

Ila usiitoe dhoruba yote. Picha isiyo na kivuli hata kimoja haitulizi, inachosha macho. Weka wingu moja mbali.

Sijui kuchora wala kuandika. Nimeachwa nje?

Hapana. Kurekebisha nguo iliyochanika kwa uzi mzuri ni kazi ya ubunifu. Barua ya mkono kwa mtu mnayetofautiana ni kazi ya ubunifu, na ni ngumu kuliko tenzi nyingi.

Kuchora kitu kilekile kila siku si kudumaa?

Giorgio Morandi alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1890 na akafia huko mwaka 1964. Muda mrefu wa maisha yake aliishi na dada zake watatu katika nyumba moja, akilala na kuchora katika chumba kilekile, na alichokuwa akichora zaidi ni chupa, mitungi na makopo. Alivisogeza kidogo, akaangalia mwanga, akachora tena. Vumbi lililotua juu ya vyombo hakuona haja ya kulipangusa. Katika miaka hiyo vita viwili vikubwa vilipita juu ya Ulaya. Kutazama picha zake ni kama kusimama karibu na mtu asiyetaka kukuharakisha.

Kurudia kunaondoa swali linalowachosha wengi, lile la "leo nifanye nini?" Likiondoka, nguvu yote inabaki kwa kutazama. Chagua kitu kimoja na ukae nacho mwezi mzima. Siku ya tano utachoka nacho. Siku ya kumi na mbili hivi utakiona kwa mara ya kwanza.

Nyumba yangu ina kelele na sina muda.

Dakika 10 zinatosha, mradi ziwe zilezile kila siku na vifaa viwe tayari mahali pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Kuhusu watoto: wape karatasi na wao, keti nao sakafuni. Hutapata kimya, ila utapata kitu kinachokaribia.

Ubunifu ndiyo ajira yangu. Nitapataje amani mbele ya mteja na tarehe ya mwisho?

Naheshimu swali hili, kwa sababu ushauri mwingi wa utulivu unatolewa na watu ambao kodi yao haitegemei mchoro wa kesho. Niliwahi kufanya kazi ya picha kwa taasisi moja iliyobadilisha maelekezo mara saba, kisha ikalipa nusu. Nililala vibaya kwa wiki kadhaa, na sikuwa na nguvu ya kuchora kitu changu mwenyewe.

Tangu hapo nina mambo matatu ninayoyashikilia. Idadi ya marekebisho inaandikwa kwenye makubaliano kabla sijagusa penseli. Karatasi hiyo imenipa amani kuliko zoezi lolote la pumzi. La pili, kazi ya mteja na kazi yangu hazikai meza moja, au kama meza ni moja, nabadilisha kitambaa. Na kila siku, kabla ya kazi ya mteja, nafanya jambo dogo lisilouzwa. Hili la mwisho wengi huliacha kwanza wakibanwa, na mimi naona ndilo la kuachwa mwisho.

Kuweka kazi mtandaoni kunaniondolea utulivu. Niache?

Si lazima uache. Ila ona unachokipima. Ukiweka picha na kurudi kila baada ya dakika tano kuhesabu laiki, umempa mtu usiyemjua haki ya kuamua kama jioni yako ilikuwa nzuri. Mimi nazima arifa, na kazi mpya inakaa kwangu siku saba kabla haijaonwa na yeyote. Ndani ya siku hizo nakuwa nimeshajua mwenyewe inanipendeza au la. Baada ya hapo, wakisifu nafurahi, wakinyamaza sivunjiki.

Kujilinganisha nako kunapungua ukitazama kazi za wengine kwa swali la fundi: amepataje kivuli hiki? Swali la "kwa nini si mimi" halifundishi mkono chochote.

Je, sanaa inaweza kuleta amani ya kweli, ile ya watu na nchi?

Peke yake haisimamishi risasi, na sitakudanganya. Lakini haina kazi ndogo.

Vita vya Msumbiji vilidumu tangu 1977 hadi 1992 na kuacha silaha nyingi mikononi mwa watu na ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la nchi hiyo, Askofu Dinis Sengulane akiwa mstari wa mbele, lilianzisha mpango wa kukusanya silaha na kumpa aliyezileta zana za kufanyia kazi: majembe, cherehani, baiskeli. Bunduki zilikatwakatwa na vipande vikapewa wasanii. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, aliunda kiti kutokana na vipande hivyo, na sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Ukikitazama kwa makini, unaona mitutu na magazini bado ni mitutu na magazini. Hakuificha. Ameigeuza tu kuwa kitu cha kukalia.

Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu lilipoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Alipougua leukemia, yaani saratani ya damu, akiwa na miaka kumi na kidogo, alikunja korongo wa karatasi hospitalini, hata kwa karatasi za kufungia dawa, kwa kuwa Wajapani husema anayekunja elfu moja hutimiziwa ombi. Alifariki Oktoba 1955. Wanafunzi wenzake walichangisha, na mwaka 1958 sanamu ikasimamishwa mjini humo. Hadi leo watoto wa nchi nyingi wanapeleka huko korongo wao. Karatasi moja iliyokunjwa haizuii bomu. Ila mtoto aliyekunja elfu moja atakuwa ametumia saa nyingi akimfikiria mtoto mwingine ambaye hajawahi kumwona, na saa hizo hazipatikani kwa hotuba.

Ni lini nijue kwamba karatasi na rangi hazitoshi?

Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, ukipoteza hamu ya vitu vyote, au ukiwaza kujidhuru, mwone mtaalamu wa afya mapema na mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo. Kuchora kunaweza kuandamana na tiba: Adrian Hill, msanii Mwingereza, aliyaona manufaa yake alipokuwa mgonjwa wa kifua kikuu mwaka 1938, na mwaka 1942 akaipa jina ambalo sisi tunaliita tiba ya sanaa. Yeye mwenyewe alichora akiwa chini ya uangalizi wa madaktari.

Kazi zikijaa nyumbani nizifanye nini?

Chache zitunze, zilizokufundisha kitu, na nyuma yake andika tarehe. Nyingine gawa. Usimchagulie mtu, mpangie nne au tano mezani, ondoka kidogo, umwache achague. Zile za hasira, karatasi za kwanza, mimi huzichana mwisho wa mwaka bila kuzisoma. Michoro ya mikono ya mama iko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Dada yangu aliomba mmoja, akachukua ule wenye vidole vilivyozidi urefu.